Mtaka Trauti Sharti Ainame

Mvua za masika zikikatika na mito ya Mlima Kenya ikaanza kuwa miangavu tena, watu wanaotaka kujifunza kuvua kwa nzi wa bandia huniuliza swali lilelile: ninunue ufito gani? Ni swali la haki na nitalijibu hapa. Hata hivyo, anayelitanguliza hutumia fedha nyingi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Swali la kutangulia ni hili: samaki wa mto huu wanakula nini leo? Jibu lake haliuzwi dukani. Liko chini ya jiwe, ndani ya maji ya baridi yanayofika magotini, na kulipata kunahitaji mgongo unaokubali kupinda.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuvua hivi, awe anakaa Nyeri, Nairobi, Arusha au Mbeya. Mifano mingi nitaitoa kwenye mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Milima ya Aberdare: Gura, Chania, Thego, Ragati, Sagana, Naro Moru, Burguret na Mathioya. Huko ndiko uvuvi huu ulikoota mizizi katika Afrika Mashariki, na mito yake midogo ni shule nzuri kwa anayeanza.

Uzito uko kwenye mshipi

Mvuvi wa mshipi tunayemjua, wa ziwani au wa pwani, hutia chambo kwenye ndoana, hufunga chubwi, kisha hurusha. Chubwi ndilo zito. Likiruka, huuvuta mshipi mwembamba nyuma yake. Kuvua kwa nzi kumeugeuza mpango huo. Chambo hapa ni ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi, manyoya na sufu ili ifanane na mdudu, na ni nyepesi kiasi kwamba ukiirusha kwa mkono itaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi huu ni mnene, umevikwa plastiki laini, na uzito wake umepimwa kiwandani: ule wa namba 4, kwa mfano, una takriban gramu 8 katika futi zake 30 za mwanzo. Ufito hupindishwa na uzito huo, kisha hujinyoosha na kuusukuma mshipi mbele. Nzi hufuata nyuma ya yote hayo.

Kati ya mshipi mnene na nzi kuna nailoni ya urefu wa futi 7 hadi 9, inayoanza nene na kuishia nyembamba. Ncha yake, yenye unene wa milimita 0.15 hivi, samaki haitambui kwa urahisi, nayo humwacha nzi aelee kana kwamba hakufungwa popote. Huo ndio ufundi wenyewe kwa ufupi: kumfikishia samaki mdudu asiye na uzito, bila kishindo, na kumwacha asafiri na maji.

Ufundi huu ni wa kale. Karibu mwaka 200 mwandishi wa Kirumi Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya kwenye ndoana, kwa kuwa wadudu halisi wa mto wao waliharibika mara tu waliposhikwa na mkono. Japani nako wavuvi wa milimani walikuwa na njia yao, tenkara, isiyotumia kigurudumu chochote: ufito mrefu, mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha, na nzi mmoja.

Kwetu trauti ni mgeni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakapandikizwa katika mto Gura. Baadaye wakaongezwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni mito inayoelekea Bahari ya Pasifiki. Kituo cha kutotolesha vifaranga vya trauti kikajengwa Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, na vifaranga vyake vikapelekwa kwenye mito mingine. Grogan huyohuyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko hadharani wanaume wa Kikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi. Nayataja hayo kwa sababu uvuvi huu ulifika ukiwa burudani ya walowezi, na kwa muda mrefu mwenyeji wa kingo za mto alionekana kuwa mbeba mizigo au mwizi wa samaki. Enzi hiyo imekwisha. Mtoto wa Othaya aliyekulia karibu na Gura hana sababu yoyote ya kudhani kwamba ufito huu ni wa wageni. Isitoshe, mikono yetu imo ndani ya ufundi huu kwa miongo mingi: Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi wa bandia kwa mkono na kuwauza ng'ambo.

Kwa nini maji ya baridi

Trauti hustawi katika maji ya nyuzijoto 10 hadi 16 hivi. Yakikaribia 25, maisha yao huwa hatarini. Sababu kubwa ni oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji safi ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 25 hubeba 8 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Anahitaji zaidi na anapata kidogo.

Ndiyo maana hapa karibu na ikweta trauti hupatikana milimani tu, kwenye mito inayolindwa na kivuli cha msitu. Ukikata miti ya kingoni, jua hupiga maji moja kwa moja na samaki hupoteza makao hata kama maji hayajapungua. Mvuvi makini hubeba kipimajoto kidogo mfukoni. Kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, hupima maji. Yakizidi nyuzi 20, huacha kuvua, kwa maana samaki atakayepigana kwenye ndoana siku hiyo anaweza kufa hata akiachiliwa.

Geuza jiwe

Chagua mahali maji yanapokimbia juu ya mawe na hayazidi magoti. Chukua kichujio cha jikoni, ukitegeshe chini ya jiwe upande maji yanakoelekea, kisha linyanyue jiwe polepole. Ligeuze, lisogeze karibu na macho, na subiri. Mwanzoni utaona utelezi tu. Baada ya muda mfupi, utelezi utaanza kutembea.

Yule bapa anayekimbilia upande wa pili wa jiwe, mwenye mikia mitatu myembamba na vijani vinavyopepea ubavuni mwa tumbo, ni tunutu wa jamii ya Ephemeroptera. Vile vijani ndivyo matamvua yake. Huishi majini kwa wiki au miezi, kisha siku moja hupanda juu, ngozi ya mgongo hupasuka, na mdudu mwenye mbawa hutoka. Kuanzia hapo hali tena chakula chochote. Hupandana, hutaga, na hufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili.

Karibu naye utaona kijumba cha punje za mchanga au vipande vya majani, vilivyounganishwa kwa hariri. Mwenye nyumba ni lava wa jamii ya Trichoptera. Kiguse, naye atatoa kichwa na miguu na kuanza kukikokota kijumba chake. Akikua atafanana na nondo mdogo wa kijivu. Ukibahatika utamwona pia wa jamii ya Plecoptera: mikia miwili, mwili mkakamavu, na vishungi vyeupe vya matamvua penye mashina ya miguu. Huyu hataki mzaha na maji. Hudai yawe baridi na yenye oksijeni tele.

Vile vijidudu vyeusi vilivyojishikiza kwenye jiwe kwa kitako, vichwa vikiachwa vielee kwenye mkondo, ni lava wa usubi. Na vijinyoo vyembamba vyekundu vinavyojipinda kwenye matope ni lava wa Chironomidae, jamaa wa mbu wasiouma. Wekundu wao ni hemoglobini, ambayo huwawezesha kuishi mahali penye oksijeni kidogo.

Sasa fungua kisanduku chako cha nzi. Nzi yule wa hudhurungi mwenye kiuno chembamba na mikia mifupi, anayeitwa Pheasant Tail, alibuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Uingereza. Alimfunga kwa nyuzi za mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba peke yake; waya ukafanya kazi mbili, kufunga na kuongeza uzito wa kumzamisha. Mlinganishe na tunutu aliye kwenye jiwe na utaelewa Sawyer alikuwa akiangalia nini. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa hiyo anayeanza na aanze na nzi wa kuzama wa aina hii, wa ndoana ya namba 14 au 16. Ukiona duara zikifunguka juu ya maji, samaki wanaokota wadudu wanaoelea. Hapo badili, weka nzi wa kuelea. Katika kuchagua, tazama ukubwa kwanza, umbo pili, rangi mwisho. Nzi wa rangi kamili lakini mkubwa mara mbili ya mdudu halisi hukataliwa. Mdogo wa rangi ya kukaribiana humezwa.

Wadudu haohao ndio wanasayansi wanaowatumia kupima afya ya mto. Afrika Kusini ina mfumo uitwao SASS unaozipa familia za wadudu alama kulingana na uvumilivu wao kwa uchafu: zinazodai maji safi hupata alama za juu, zinazovumilia uchafu hupata za chini. Tunutu bapa wa familia ya Heptageniidae hupewa 13, Perlidae mwenye mikia miwili 12, lava wa Chironomidae 2, na minyoo 1. Tanzania imeunda mfumo wake kwa msingi huo, uitwao TARISS. Kwa hiyo mvuvi anayegeuza jiwe kutafuta chambo anafanya, bila maabara, kipimo kilekile cha mtaalamu wa mito.

Vifaa vya kutosha

Sasa nijibu swali la ufito. Kwa mito midogo ya milimani, ufito wa futi 7.5 hadi 8.5, wa namba 3 au 4, unatosha. Namba ya ufito na namba ya mshipi lazima zilingane. Zikitofautiana sana, ufito hautapinda ipasavyo na kurusha kutakuwa mateso. Kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambacho wengi hukiita rili, kisikusumbue. Kwa samaki wasiofika nusu kilo, ambao ndio wengi katika mito hii, kazi yake ni kutunza mshipi tu, na cha bei nafuu kinafaa.

Ongeza nailoni za akiba, kimkasi, koleo ndogo ya kuchomolea ndoana, wavu mdogo wa mkono wenye nyuzi za mpira, na miwani ya jua ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji ili uone chini. Miguuni, gambuti zitakufikisha mbali. Nzi kumi na wawili wanatosha: wanane wa kuzama, wanne wa kuelea.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, tenkara ni njia ya heshima kabisa. Ufito wa mita 3.5 hivi, mshipi wa urefu kama huo, nailoni fupi, basi. Kwenye kijito chenye upana wa mita tano njia hii huvua vizuri, na humfundisha mtu mapema jambo kuu, yaani kumwongoza nzi kwenye mkondo.

Kufunga nzi mwenyewe ni hobi ndani ya hobi. Manyoya ya shingo ya jogoo, manyoya yenye madoa ya kanga, manyoya ya sungura, na waya wa shaba kutoka kwenye kebo mbovu ya umeme vinapatikana hapahapa. Ndoana na uzi ndivyo vya kununua.

Kurusha na kungoja

Anza kwenye nyasi, uwanjani, bila ndoana. Funga kipande cha uzi wa sufu mwisho wa nailoni ukione kinapotua. Nyoosha mshipi mbele yako kwa mita 8 hivi na ncha ya ufito iwe chini. Nyanyua polepole, ongeza kasi, kisha simamisha ufito ghafla mkono unapofika usawa wa sikio. Mshipi utaruka nyuma. Sasa ngoja. Ngoja hadi ujinyooshe wote nyuma yako, ndipo usukume mbele, na usimamishe ghafla tena. Mshipi utafunguka mbele na kutua.

Makosa mengi huzaliwa pale kwenye kungoja. Anayeharakisha husikia mlio wa mjeledi nyuma yake, na mlio huo humaanisha nzi amekatika. Mwingine hutumia nguvu za bega, ilhali kazi inafanywa na ufito. Mkono hutoa mwendo na kituo tu. Geuza kichwa utazame mshipi unavyojinyoosha nyuma. Hakuna mwalimu anayekukataza kuangalia. Robo saa kila jioni kwa wiki mbili itakufaa kuliko siku nzima ya kujichosha.

Ukifika mto Ragati au Thego utagundua kwamba nyuma yako hakuna uwanja, kuna mianzi na vichaka. Hapo unahitaji mrusho wa kuviringisha. Uburute mshipi polepole juu ya maji kuja kwako, uinue ufito hadi mshipi uning'inie kando ya bega na kufanya tumbo, utulie kidogo, kisha usukume mbele na kusimamisha. Mshipi utajiviringisha juu ya maji na kufunguka bila kwenda nyuma hata hatua moja. Mrusho huu hujifunzwa majini, kwa sababu maji ndiyo yanayoushika mshipi na kuufanya ufito upinde.

Kumkaribia samaki

Trauti hutazama juu ya mto, mkondo unakotoka, kwa kuwa chakula huja nao. Kwa hiyo mvuvi hutembea kutoka chini kwenda juu, nyuma ya samaki. Jambo la pili ni jicho lake. Mwanga unapoingia majini hupinda, na samaki huuona ulimwengu wa juu kupitia duara moja lenye upana wa nyuzi 97 juu ya kichwa chake. Vilivyo chini sana, karibu na usawa wa maji, hubanwa kwenye ukingo wa duara hilo na kuwa vigumu kuonekana. Mtu aliyesimama wima kwenye ukingo huonekana wazi, aliyechutama hupotea. Ndiyo maana nasema mtaka trauti sharti ainame: huinama kwa jiwe, na huinama kwa samaki. Vaa rangi za kijani au kahawia, usipige mawe kwa miguu, na kivuli chako kisitangulie mbele yako.

Wapi pa kumtupia nzi? Samaki anataka vitu vitatu mahali pamoja: chakula kinachopita, maji yasiyomchosha, na maficho. Tafuta nyuma ya mwamba, ambapo maji hupunguza kasi. Tafuta mpaka kati ya mkondo wa kasi na wa polepole, ambapo samaki hukaa upande mtulivu na kunyakua kinachopita upande wa kasi. Tafuta chini ya ukingo uliochimbwa na maji, na mahali mkondo unapoingia kidimbwini. Fuata mstari wa povu. Povu huenda inakokwenda mikondo, na wadudu huenda pamoja nalo.

Mrushe nzi mita moja au mbili juu ya mahali hapo, kisha mwache ashuke kwa kasi ileile ya povu. Mshipi ukitangulia na kumburuza, atakata maji kwa mwendo ambao mdudu hana, na trauti atamkataa. Inua ufito, mshipi mwingi uwe hewani, na urekebishe kila mkondo unapojaribu kuuvuta. Nzi akiwa chini ya maji, tazama mahali nailoni inapozama. Ikisita, ikiruka kando au ikisimama, inua ufito kwa upole. Mara nyingi itakuwa jiwe. Mara nyingine jiwe litaanza kuogelea.

Samaki mkononi

Trauti wa Mlima Kenya ni mtamu, na kumla uliyemvua kihalali si dhambi. Chukua wa kula siku hiyo, kwa idadi na ukubwa unaoruhusiwa, mmalize haraka kwa kumpiga kichwani, na waliobaki uwarudishe. Anayerudishwa lazima arudishwe akiwa na uwezo wa kuishi, la sivyo tumempoteza bure.

Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1992 ambao kila mvuvi anapaswa kuujua. Trauti wa upinde wa mvua walichoshwa hadi mwisho wa nguvu zao, kisha wakafuatiliwa kwa saa 12. Waliobaki majini muda wote walipona asilimia 88. Waliotolewa nje kwa sekunde 30 walipona asilimia 62. Waliokaa nje sekunde 60 walipona asilimia 28 tu. Picha ya simu inayochukua dakika moja inaweza kumuua samaki ambaye mvuvi anaamini amemwokoa.

Basi bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, ili ichomoke kwa urahisi. Lowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, maana ute ulio juu ya ngozi ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Inama umchomoe ndoana akiwa ndani ya maji, mwelekeze kichwa kwenye mkondo, na mwache aondoke mwenyewe.

Leseni, tembo na maji ya baridi

Kenya, kuvua trauti kunahitaji leseni ya uvuvi, na ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya au ya Aberdare kuna kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti au langoni kuhusu idadi ya samaki, ukubwa na njia zinazoruhusiwa katika mto huo. Usivuke shamba la mtu bila kumpigia hodi. Mzee au mama utakayemkuta shambani ndiye anayejua mto ulivyokuwa wiki iliyopita, na salamu nzuri humfungua mtu kueleza.

Msituni kuna tembo na nyati. Nenda na mwongozaji au askari wa wanyamapori, na usijifiche vichakani kwa ajili ya samaki ukasahau kilicho nyuma yako. Mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa ghafla hata kama kwako kuna jua. Maji yakianza kuwa ya udongo, toka.

Mgeni na wenyeji wake

Ukweli mmoja lazima usemwe. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wawili wamo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ya viumbe vamizi 100 waliokithiri duniani. Ni wawindaji, wakiingizwa katika mto wenye samaki wadogo wa asili, huwala. Kwa hiyo usihamishe trauti kutoka mto mmoja kwenda mwingine, hata kwa nia njema. Tuvue katika mito ambayo tayari wamo, na tuiache mingine kwa wenyewe.

Tena si lazima uvue trauti. Perege hukubali nzi mdogo wa kuzama kwenye mabwawa ya uwanda wa chini. Katika mito Mnyera na Ruhudji inayolisha Kilombero, Tanzania, wavuvi wa nzi hutafuta samaki wa jamii ya Hydrocynus mwenye meno ya kukata nailoni, na hufunga kipande cha waya wa chuma mbele ya nzi. Watamu na Malindi kuna wanaomvua sulisuli kwa ufito wa namba 12. Hayo ni ya baadaye, ukishaimarika.

Kabla hujanunua chochote

Mito mingi ya Aberdare na Mlima Kenya huingia Tana, na maji ya bonde la Tana hunywesha sehemu kubwa ya Nairobi na kuzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Dawa ya kuua wadudu inayooshwa kutoka shambani huwaua pia tunutu wa mtoni. Udongo unaoporomoka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni hujaza nafasi kati ya mawe, mahali wadudu wanapoishi na trauti wanapotaga. Mvuvi huwa miongoni mwa wa kwanza kuliona hilo, kwa sababu yeye ndiye anayeinama.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumamosi hii, kabla hujanunua ufito, nenda kwenye mto ulio karibu nawe ukiwa na kichujio na daftari. Geuza mawe kumi, andika ulichokiona, kisha uyarudishe kama yalivyokuwa. Ukiwakuta wadudu wa mikia mitatu na miwili, mto wako una afya, na kama ni mto wa trauti, katafute leseni na ufito. Ukikuta vijinyoo vyekundu peke yake, peleka daftari lako kwa jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lenu na udai kujua nani anachafua mto. Wote wawili, mwenye ufito na mwenye daftari, watakuwa wameanza kuvua kwa nzi mahali panapostahili.